Sumu Isiyotambulikana kwa Ulimi

Mwezi wa Novemba, mwaka 2000, watu zaidi ya 100 walikufa katika mitaa ya maskini ya Nairobi baada ya kunywa pombe haramu, na baadhi ya waliopona walibaki vipofu. Mwezi wa Mei, mwaka 2014, msiba kama huo ulitokea tena katika sehemu kadha za Kenya, Embu na Kiambu zikiwamo, na makumi ya watu wakafa. Sumu iliyowaua ilikuwa methanoli.

Kileo kilichomo katika pombe ya kawaida huitwa ethanoli. Methanoli ni ndugu yake: haina rangi, nayo hulevya, wala mnywaji hawezi kuitambua kwa ulimi au kwa pua. Lakini ni kitu cha viwandani, kama vile cha kuyeyushia rangi, wala si cha kunywa. Chang'aa iliyopikwa kwa nafaka na sukari kwa kawaida huwa na methanoli kidogo tu. Maafa makubwa hutokea mchuuzi anapoitia kusudi, ili pombe iwe kali kwa gharama ndogo. Watu wengine huijaribu pombe kwa kuiwasha moto, na ikiwaka husema ni safi. Jaribio hilo halifai kitu, kwa kuwa methanoli nayo huwaka.

Methanoli yenyewe siyo inayoharibu mwili zaidi. Ini huigeuza polepole kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo iharibuyo mshipa wa fahamu wa jicho. Mililita 10 za methanoli tupu, yaani vijiko viwili vya chai, zaweza kumpofusha mtu; mililita 30 zaweza kumwua. Tena, kwa kuwa kazi hiyo ya ini huchukua muda, dalili mara nyingi huonekana baada ya saa 12 hata 24. Ikiwa mtu amekunywa na pombe ya kawaida, hukawia zaidi.

Hapo ndipo ilipo hatari ya mlevi wa kila siku. Mwili wake umezoea kileo hata asipokipata mikono hutetemeka. Kwa hiyo hununua kilicho rahisi, bila kuuliza kimetoka wapi. Tena amezoea kuamka akiumwa na kichwa na kutapika. Sumu inapoanza kazi yake, yeye na jamaa zake hudhani ni uchovu wa pombe ya jana, naye huenda kuzimua.

Basi yafaa kila nyumba ijue dalili hizi: maumivu ya tumbo, kutapika, kuhema haraka, na hasa macho kuona kama yamo katika ukungu. Mtu wa namna hiyo asiachwe alale, wala asipewe pombe ya kuzimua. Apelekwe hospitali upesi, na daktari aambiwe bila kuficha alikunywa nini, na saa ngapi. Iko dawa ya kulizuia ini lisiigeuze methanoli, na iko mashine ya kusafisha damu. Wale waliokunywa pamoja naye waende pia, hata kama hawajisikii wagonjwa. Jamaa wanaomficha mgonjwa kwa kuona haya, au kwa kuogopa polisi, humpotezea saa ambazo macho yake, na hata uhai wake, vingaliweza kuokolewa.