Kabla Hujamlipa Mtu wa Takwimu: Somo Kutoka Shamba la Vitunguu

Leo hatuongelei mbolea wala viuatilifu, tunaongelea namba. Siku hizi vikundi vingi vya vijana vinahoji wakulima kabla ya kuingiza hela kwenye zao jipya, halafu vinatafuta mtu wa kuchambua majibu. Ni jambo zuri. Ila hapo hapo pana shimo, na mimi mwenyewe nimewahi kusaidia kulichimba.

Kikundi kimoja ninachokihudumia kilitaka kuanza kulima vitunguu kwa mkopo. Niliwaambia wasikurupuke, wawahoji kwanza wanaolima tayari. Wakahoji wakulima 40, wakaandika kwenye madaftari, kisha wakahamishia kwenye Excel. Wakampata kijana anayefanya kazi za takwimu kwa kujitegemea, wakamlipa hela yote mwanzoni. Ripoti ikaja safi, ina michoro ya rangi: wastani gunia 100 kwa ekari. Wakapiga hesabu ya mkopo kwa hizo gunia 100. Nami niliipitia juu juu, nikasema sawa.

Siku mbili kabla ya kusaini, dada mmoja aliyekuwa akihoji akaniambia, "Bwana shamba, mbona huyu mzee ameandikiwa gunia 275? Mimi nilifika kwake, ana ekari 5."

Tukarudi kwenye madaftari. Swali lilisema "kwa ekari", lakini wakulima 8 walitaja mavuno ya shamba zima. Ukubwa wa shamba uliandikwa pembeni ya daftari, haukuingizwa kwenye kompyuta.

Ili uelewe, chukua wakulima watano tu: 50, 55, 60, 60 na 275. Jumla ni 500, gawa kwa 5 unapata 100. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyevuna gunia 100 kwa ekari! Sasa gawa zile 275 kwa ekari 5, unapata 55. Jumla mpya ni 280, wastani ni gunia 56. Ungekopa kwa gunia 100 ukavuna 56, ungelipa na nini?

Yule kijana hakuwatapeli. Alijumlisha alichopewa. Hajui vitunguu, na hakuna aliyemwambia. Kosa lilikuwa letu, na langu likiwemo. Kwa hiyo shika haya:

1. Andika swali lako kwanza. "Nichambulie data" siyo kazi. "Mkulima wa kawaida hapa anavuna gunia ngapi kwa ekari, na anatumia shilingi ngapi?" hiyo ni kazi.

2. Funga vipimo. Gunia la kilo ngapi? Lumbesa au lililopimwa? Ekari au hekta? Hekta 1 ni karibu ekari 2 na nusu, ukichanganya umeharibu kila kitu. Jaribu maswali kwa watu watano kabla ya kwenda kwa wote.

3. Jiulize kama unamhitaji kweli. Jumla, wastani na asilimia unaweza kuvifanya mwenyewe kwenye Excel. Mtaalamu mtafute ukitaka kujua, kwa mfano, kama tofauti ya mavuno imetokana na mbegu au na umwagiliaji. Hata hivyo, kama hukuuliza kuhusu maji, hakuna programu itakayokuambia.

4. Mpime kwa kipande kidogo. Mpe mistari 10 yenye kosa moja unalolijua. Akikuuliza "hii 275 ni sahihi?" huyo ni wako. Akikaa kimya, mshukuru, endelea kutafuta.

5. Andikianeni, na lipa kwa awamu. Akurudishie faili la awali bila kuguswa, faili lililosafishwa, orodha ya kila alichobadilisha na sababu yake, na ripoti. Akae nanyi pia awaeleze kwa Kiswahili cha kawaida. Awamu ya mwisho mlipe baada ya hapo.

6. Omba wastani pamoja na namba ya katikati. Panga majibu kutoka dogo hadi kubwa, uangalie la katikati. Kwa wale watano wa mwanzo ni 60, wakati wastani ulisema 100. Ukiona pengo kama hilo, rudi kwenye daftari.

7. Ondoa majina na namba za simu kabla ya kumtumia faili, weka namba ya fomu tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na hata bila sheria, mtu aliyekuambia kipato chake amekuamini.

La mwisho, usimwambie mchambuzi jibu unalolitaka ili mkopo upite. Benki utaidanganya mara moja, ila shamba halidanganyiki.

Wale vijana walikopa kidogo, wakaanza na ekari 2 badala ya 6. Baadhi walinuna. Lakini hesabu yao sasa inasimama juu ya gunia 56, siyo juu ya ndoto.

Kazi ya wiki hii: fungua daftari lako la msimu uliopita, uone kama kila namba ina kipimo chake pembeni. Kama haina, anzia hapo kabla hujamtafuta mtu yeyote. Tukutane shambani.