Bastola za Polisi: Ya Zamani na Iliyofuata

Mtu akiwekewa mezani bastola mbili za namna waliyoitumia polisi wa Marekani, zote kazi ya Smith & Wesson wa mji wa Springfield, moja ya mwaka 1942 na nyingine ya mwaka 1957, hataona tofauti kubwa. Kila moja huchukua risasi sita katika silinda, yaani lile pipa dogo la chuma lizungukalo. Asili yao ni moja, nayo ni bastola iliyotokea mwaka 1899 na kuitwa "Military & Police". Rangi na mbao za mpini hazifanani sana, lakini hayo ni ya nje tu. Jambo lenyewe limo ndani: kipande chembamba cha chuma.

Yafaa kwanza kufahamu jinsi bastola hii ifanyavyo kazi. Nyuma ya silinda pana nyundo. Askari avutapo kifyatulio, nyundo hurudi nyuma, kisha hupiga mbele, na ncha yake hugonga fataki iliyo kitakoni mwa risasi. Hapo baruti huwaka. Basi bastola ikianguka na kuiangukia nyundo, yaweza kulia ingawa hakuna kidole kilichogusa kifyatulio. Kwa hofu hiyo askari wengi wa zamani walitia risasi tano tu, wakaacha tupu tundu lililo mbele ya nyundo. Desturi hiyo ni ya busara, ila yamtaka mtu akumbuke kila siku.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili mafundi walikuwa wamekwisha kutia kizuizi mbele ya nyundo. Lakini kilitegemea kamani kukirudisha mahali pake, na kamani si ya kuaminiwa daima: mafuta yakiganda, au uchafu ukiingia, kizuizi hubaki kando bila mwenye bastola kujua. Mwaka 1944 bastola ya namna hiyo ilianguka juu ya sitaha ya chuma ya manowari ya Marekani, ikalia, na baharia mmoja akafa.

Haikupita miezi mingi kiwanda kikatoa kizuizi kipya. Hiki hakina kamani yake. Kimeshikana na mtambo wa kifyatulio. Kifyatulio kikivutwa, kizuizi hushuka na kuipisha nyundo. Kikiachwa, hupanda tena na kusimama kati. Bastola hizo zilitiwa herufi S katika nambari zake, na nyingi za wakati wa vita, zenye herufi V, zikarekebishwa na kupigwa S vilevile. Mwaka 1957 bastola hiyo ikapewa jina la Model 10.

Kuanzia miaka ya 1980 polisi wengi wa Marekani waliziacha, wakachukua bastola za magazini. Hata hivyo nyingi zingali mikononi mwa walinzi na raia. Na hapa ipo hatari. Fundi mzembe aifunguaye bastola aweza kusahau kukirudisha kizuizi, nayo ikaendelea kupiga vizuri kama kawaida. Kwa hiyo mkaguzi, akiisha kutoa risasi zote na kulitazama kila tundu, huvuta nyundo nyuma polepole huku akichungulia mbele yake, aone kile kipande kikishuka. Asipokiona, bastola hairudi kwa mwenyewe. Hupelekwa kwa fundi mwingine.