Chuchu Moja Imelala

Swali: Daktari, nilipunguzwa matiti miezi minne iliyopita. Nimerudi nyumbani Ankoro, na chuchu moja imelala, haina hisia. Itabaki hivi?

Jibu: Pole, mama. Mara nyingi mpasuaji huipandisha chuchu ikiwa imeshikamana na nyama yenye mishipa yake ya damu. Neva huguswa, ndipo ganzi. Kovu nalo huivuta chuchu. Kovu hulainika kwa mwaka mmoja, hata mwaka na nusu, na matiti mawili hayaponi kwa mwendo mmoja. Hisia huweza kurudi polepole. Kwa wengine hairudi yote, na ni haki yako kulijua hilo. Lakini chuchu ikitoa damu au usaha, au ikianza kuzama ndani, usingoje: panda pikipiki au mtumbwi, ufike hospitali.