Somo: Goti Lililoumia Jeshini na Njia ya Kudai Mafao ya Ulemavu

Vita vya Kagera vilianza mwezi Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuingia katika ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini mwa Mto Kagera. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka. Wakati huo Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Karagwe. Pamoja na wanajeshi wa kudumu waliitwa askari wa mgambo kwa makumi ya maelfu kutoka nchi nzima. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 siku hizo sasa ni mzee. Magoti yake yamechoka, mashahidi wake wanapungua mwaka hadi mwaka, na karatasi zake zinaliwa na mchwa.

Somo hili linamhusu mzee huyo, na vilevile askari wa miaka ya karibuni aliyeumia mazoezini au kazini. Jambo kuu la kufahamu ni moja: maumivu peke yake hayajengi dai. Kinachotakiwa kuthibitishwa ni uhusiano kati ya maumivu ya leo na utumishi wa jana.

Kwa nini kiungo huleta ubishi

Aliyepoteza mguu vitani hahitaji maneno mengi. Goti, nyonga, bega au kifundo cha mguu ni jambo jingine. Kano zinazoshikilia kiungo zikichanika, au gegedu inayofunika ncha za mifupa ikiumia, uvimbe huweza kupungua baada ya wiki chache na askari akarudi kazini. Kiungo kilicholegea huendelea kusagika taratibu. Baada ya miaka kumi, ishirini au zaidi, gegedu huwa imekwisha, kiungo kimekakamaa, na kupanda mlima kumekuwa adhabu.

Katika miaka hiyohiyo mtu amelima, amebeba mikungu ya ndizi na amezeeka. Umri na kazi nzito navyo huchakaza viungo. Ndiyo maana mpimaji ana haki ya kuuliza iwapo goti limeharibiwa na vita au na jembe. Picha ya eksirei huonyesha mchakao ulivyo leo, lakini haitaji siku ulipoanza. Kwa hiyo kadi ya hospitali ya zamani, hata iliyofifia, inaweza kuwa na uzito kuliko picha mpya.

Nguzo tatu za dai

Nguzo ya kwanza ni utumishi. Namba ya jeshi, kikosi, tarehe ya kuandikishwa na hati ya kuachishwa ndizo msingi. Kwa askari wa mgambo, ambaye hakuwa mwajiriwa wa kudumu, ushahidi wa kuitwa, kupelekwa kikosini na kurudishwa nyumbani hubeba uzito mkubwa zaidi.

Nguzo ya pili ni tukio. Ni lini, wapi, na kwa namna gani kiungo kiliumia? Nani alikuwepo? Nani alitoa huduma ya kwanza?

Nguzo ya tatu ni hali ya sasa pamoja na maoni ya daktari yanayoiunganisha na tukio. Daktari asiishie kuandika kuwa goti linauma. Aeleze linakunjika kiasi gani, kama limelegea, mgonjwa anashindwa kufanya nini, na kama mchakao huo unalingana na jeraha la zamani. Kulinganisha goti lililoumia na lile zima husaidia sana, kwa kuwa uzee kwa kawaida haubagui goti moja na kuliacha jingine.

Nguzo hizi hazitumiki Tanzania peke yake. Nchini Marekani pia askari mstaafu hutakiwa kuonyesha ulemavu wa sasa, tukio la wakati wa utumishi, na kiungo kinachofunga viwili hivyo.

Mfano wa maelezo

Mfano huu ni wa kubuni. Mzee mmoja anaandika: “Naumwa goti kwa sababu ya vita, naomba nisaidiwe.” Maelezo haya ni ya kweli, lakini hayampi mpimaji pa kushika. Mwingine anaandika: “Mwezi Machi 1979, nikiwa na kikosi changu, niliruka kutoka kwenye lori na goti la kulia likajipinda. Nilifungwa bendeji na mganga wa kikosi na kupumzishwa siku tisa. Tangu hapo goti hilo huteguka ninaposhuka mlima. Wenzangu wawili walionibeba wako hai.” Wa pili ametoa mwezi, chanzo, tiba, mwendelezo na mashahidi. Asiyekumbuka tarehe aandike msimu au mahali, wala asibuni. Tarehe moja ya uongo huweza kuangusha maelezo yote ya kweli.

Mlango wa kubisha

Mafao ya wanajeshi husimamiwa kwa kanuni zilizo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Sura ya 192. Uamuzi ni wa mamlaka za jeshi, si wa halmashauri. Kwa mkazi wa Karagwe au Kyerwa, mahali pa karibu pa kuulizia ni kwa Mshauri wa Mgambo wa Wilaya. Mtendaji wa kata huweza kutoa barua ya utambulisho wa ukazi, lakini hawezi kuthibitisha utumishi wa jeshi.

Pensheni za wanajeshi hulipwa na Hazina, wala si na mfuko wa PSSSF. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao una kazi yake. Ulianza kutoa huduma mwaka 2015, hivyo jeraha la mwaka 1979 halidaiwi huko. Hata hivyo, mstaafu aliyeajiriwa kuwa mlinzi wa kampuni akaanguka kazini amepata ajali mpya. Amwarifu mwajiri mara moja, na dai lifike ndani ya miezi 12. Madai hayo mawili yasichanganywe katika barua moja.

Asiyeweza kuandika anaweza kutafuta msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Anayeahidi kuharakisha malipo kwa “ada ya ufuatiliaji” asipewe fedha, na nyaraka halisi asiachiwe mtu yeyote bila kubaki na nakala.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Familia yenye mzee aliyetumikia jeshi itenge jioni moja wiki hii kuandika maelezo yake angali akikumbuka, na kuyahifadhi pamoja na vyeti mahali pakavu.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji

1. Kwa nini picha ya eksirei peke yake haitoshi kuthibitisha chanzo cha jeraha?
2. Ni nani kijijini anayeweza kutoa ushahidi kwa askari mwenzake, na je, maelezo yake yamekwisha kuandikwa?
3. Mjane wa askari ahifadhi nyaraka zipi?