Somo la Kujua Bei ya Simu na Mabando Yake Kabla ya Kutoa Fedha

Simu ya mkononi imeingia katika kila nyumba ya pwani, tangu Lamu hata Kilwa, wala hapana haja ya kuyaeleza manufaa yake, kwani mwenye duka huagizia bidhaa kwayo, na nahodha hupatia khabari za pepo, na mzazi humsikia mwanawe aliye Maskati. Lakini liko jambo moja ambalo wengi hawalipi haki yake, nalo ni kujua, kabla ya fedha kutoka mkononi, kile kinunuliwacho ni nini na bei yake kamili ni ngapi. Mtu yule yule asiyekubali kununua pishi ya mchele mpaka autie kiganjani na kuunusa, hununua bando kila asubuhi kwa kubonyeza tarakimu chache, wala hajui amepimiwa kiasi gani, wala litakwisha lini.

Na jambo hili si dogo. Nafaqa ya mke ni wajibu juu ya mume, na katika madhehebu ya Imam Shafii imewekewa kipimo cha kila siku: mudi mbili kwa mwenye wasaa, mudi moja na nusu kwa mtu wa kati, na mudi moja kwa mwenye dhiki. Hapana mlango katika fiqhi umruhusuo mwanamume kuipunguza mudi hiyo kwa kuwa fedha zake zimeingia katika simu. Basi mchukuzi wa bandarini apataye shilingi 600 kwa siku, akatoa 100 katika hizo kwa maongezi na picha za kutembea, ametoa sehemu moja katika sita ya chumo lake, na nyumbani wako watu wanangojea unga.

Katika kuinunua simu yenyewe

Simu hununuliwa kwa njia mbili: kwa taslimu, au kwa kulipa kidogo kidogo. Njia hii ya pili imeenea sana tangu mwaka 2020, ilipoanzishwa Kenya na Safaricom pamoja na Google kwa jina la Lipa Mdogo Mdogo. Hapo ilipoanza, mtu alitanguliza fedha kidogo, kisha akalipa shilingi 20 kila siku mpaka deni likaisha. Na kampuni nyingine nazo huuza simu kwa mwendo kama huo, kila moja na kiwango chake.

Shilingi 20 ni fedha ya kikombe cha kahawa, na hapo ndipo akili ya mnunuzi inapolala. Jaalia simu ambayo bei yake dukani kwa taslimu ni shilingi 10,000. Muuzaji wa muda ataka 2,000 za kutangulia, kisha 50 kila siku kwa siku 240. Hizo 50 mara 240 ni 12,000. Zikitiwa pamoja na zile 2,000 huwa 14,000. Basi mnunuzi ameongeza 4,000 juu ya bei ya taslimu. Huenda akawa radhi nayo, kwani hana 10,000 za kutoa kwa mara moja, na simu yaweza kumletea kazi. Hapo hana lawama. Lawama ni juu ya yule ambaye hakupiga hesabu hii, akauliza tu, "Kwa siku ni ngapi?"

Ama hukumu yake, wanazuoni wetu wamejuzisha bei ya muda kuwa kubwa kuliko bei ya taslimu, kwa sharti kwamba wawili hao waafikiane juu ya bei moja na muda mmoja kabla ya kuachana. Ikiwa muuzaji amesema, "Kwa taslimu 10,000, kwa muda 14,000," na mnunuzi akaichukua simu akaenda zake bila ya kuchagua, hizo ni bei mbili katika biashara moja, na hilo limekatazwa. Na bei ikisha kuthubutu haizidi tena. Mapatano yanayosema kwamba atakayechelewa ataongezewa deni ni ile ile riba ya watu wa Jahiliya, ambao muda wa deni ulipofika walimkhiarisha mdaiwa baina ya kulipa na kuzidishiwa. Karatasi ya mapatano na isomwe yote, na asiyejua lugha yake na amtafute mwenye kuijua. Aya ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko aya zote, imekuja kwa ajili ya kuandika deni. Basi si uzito kusoma ukurasa mmoja.

Iko na jambo la kufungwa kwa simu. Nyingi katika simu za muda hujifunga zenyewe malipo yakikosekana, na mwenyewe akabaki na kipande cha kioo mpaka alipe. Mvuvi aendaye dago kwa wiki mbili au tatu, mahali pasipo mtandao, na aulize kabla: aweza kutanguliza malipo ya siku nyingi kwa pamoja? Na simu ikisha kufungwa, zile siku alizokwisha kulipa zapotea au zabaki? Mwenye kuuliza hapotezi kitu.

Na atakayenunua simu iliyokwisha tumika, au iliyo rahisi kupita kiasi, na aitazame namba yake ya asili kwa kubonyeza *#06#, ailinganishe na iliyoandikwa juu ya sanduku. Simu bandia zilizimwa Kenya mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania tarehe 16 Juni 2016, na walionunua kwa urahisi wakapata khasara ya simu nzima.

Katika bando, na vipimo vyake viwili

Anunuaye bando hanunui kitu cha kushikika. Hukodi manufaa, na mlango wake katika vitabu ni mlango wa ijara. Na katika ijara yapasa manufaa yajulikane, ama kwa muda, kama nyumba kwa mwezi, ama kwa kazi, kama kushona kanzu hii. Imam Nawawi katika Minhaji ametaja suala la mtu anayemkodi fundi amshonee nguo, tena amalize mchana wa leo, yaani vipimo viwili pamoja, kazi na muda. Na kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba mapatano hayo hayasihi, kwani kazi yaweza kwisha kabla ya siku, au siku ikesha kabla ya kazi.

Mwenye kulitazama bando ataona kwamba nalo lina vipimo hivyo viwili: MB kadha wa kadha, na saa 24. Wako wanaosema kwamba bando si kama suala la fundi, kwani kipimo chake ni zile MB, na muda ni mpaka tu wa kutumia, aujuao mnunuzi na kuuridhia. Na atakayepewa nafasi ya kutumia asitumie, amejikosesha mwenyewe, kama aliyekodi chumba asilale ndani yake. Kauli hii ina nguvu kwa mtu aliyeujua mpaka. Lakini aliyenunua asijue kwamba bando lake lakata saa sita ya usiku, wala si baada ya saa 24 kamili, huyo hakukijua kimoja katika vipimo viwili vya kitu alichokodi, na kosa ni lake kwa kutouliza, na la muuzaji ikiwa alificha.

Hesabu yake ni hii. Jaalia bando la siku la MB 1,000 kwa shilingi 50; kila MB ni senti 5. Mwenyewe ni mwalimu, mchana wote yumo darasani, akatumia MB 400 tu, na 600 zikafa usiku. Bei aliyolipa kwa hakika ni senti 12 na nusu kwa kila MB, zaidi ya mara mbili ya bei iliyoandikwa. Kwa siku 30 ametoa shilingi 1,500, na alichotumia ni MB 12,000. Likiwepo bando la mwezi la kiasi hicho kwa shilingi 1,000, basi kila mwezi hutupa 500, na kwa mwaka 6,000. Fedha hizo hakumnufaisha nazo mtu yeyote wa nyumbani mwake.

Wala isidhaniwe kwamba bando la mwezi ni bora kwa kila mtu. Yule mvuvi wa dago, akilinunua tarehe mosi, kisha akakaa siku 20 baharini, amelipa siku 30 kwa siku 10. Kwake yeye lifaalo ni bando lisilo na mwisho wa muda, hata likiwa ghali kidogo kwa kila MB. Na mabando ya namna hiyo yamekuwako Kenya tangu Oktoba 2019, Safaricom ilipoyatoa baada ya malalamiko mengi ya watu. Na kijana wa mjini atumiaye mtandao mara mbili kwa wiki, bando la siku lamtosha. Kila mtu na ajipime kwanza: kwa siku saba aandike alichonunua, na alichotumia, na kilichokufa. Simu yenyewe hueleza, katika mipangilio yake, kila programu imekula kiasi gani.

Na hapo wengi watashangaa. Saa moja ya kutazama picha za kutembea kwa ubora wa kawaida yaweza kula kiasi cha GB 1, na kwa ubora wa juu yaweza kufika GB 3. Ambapo barua na sauti fupi za WhatsApp hula kidogo sana. Mtu aweza kusema, "Mimi natuma salamu tu," na huku simu yapakua yenyewe kila picha na kila kichekesho kilichotumwa katika makundi kumi. Na aufunge upakuaji huo, na azizuie programu zisijisasishe ila penye Wi-Fi. Tena aangalie kwamba bando likisha, katika mitandao mingi simu haisimami, bali huanza kula salio kwa bei iliyo juu kuliko ya bando. Wi-Fi ya jirani nayo ni mali ya jirani, kama maji ya birika lake. Hutumiwa kwa idhini.

Bei nazo hazikai. Agosti 2010 mtandao wa Zain ulishusha dakika hata shilingi 3 nchini Kenya, na wengine wakalazimika kuufuata. Tanzania, mwanzoni mwa Aprili 2021, utaratibu mpya wa mabando uliwapandishia watu bei, kelele zikawa nyingi, na serikali ikausimamisha. Kodi nayo imo ndani ya bei: Kenya ushuru wa maongezi ulipandishwa hadi asilimia 20 mwaka 2021, kisha ukarudishwa 15 mwaka 2023. Kwa hivyo lililokuwa rahisi mwaka jana huenda lisiwe rahisi leo, na mwenye laini mbili katika simu moja, za mitandao miwili, ana khiari ambayo mwenye laini moja hana. Hata asiyetaka kuiacha namba yake aweza kuhama nayo, Kenya tangu 2011, na Tanzania tangu 2017.

Wenye jamaa Dubai na wajue jambo moja zaidi. Katika Falme za Kiarabu simu za sauti za WhatsApp kwa miaka mingi zimezuiwa, na huruhusiwa programu zenye leseni kama Botim. Mzee aliyenunua bando kubwa Ijumaa azungumze na mwanawe, asipate, na asidhani kuwa mtoto amemkatia. Atume sauti iliyorekodiwa, nayo itafika.

Katika salio la mkopo

Suala: Mtu amekwishiwa na salio usiku, mtandao ukamkopesha maongezi, kisha ukachukua asilimia 10 juu yake. Yafaa?

Jawabu: Wanazuoni wa zama hizi wamekhitalifiana. Wanaoliona kuwa ni karadha, fedha kwa fedha na ziada, wamelikataza kwa kuwa ni riba. Na wanaoliona kuwa mtandao umeuza huduma yake kwa muda, kwa bei iliyo zaidi ya taslimu, wamelijuzisha kama zilivyojuzu bei nyingine za muda. Alichapo mtu kwa kuchelea shubuha amejihifadhia dini yake, isipokuwa penye dharura, kama mgonjwa wa usiku atafutiwaye gari.

Lakini ukiachwa upande huo, itazamwe hesabu. Akopaye shilingi 50 kila siku mbili hutoa 5 za ada mara 15 kwa mwezi, nazo ni 75, na kwa mwaka 900. Na dawa yake ni nyepesi: siku ya chumo moja, shilingi 100 ziwekwe katika salio zisiguswe. Tangu siku hiyo huwa amejikopesha mwenyewe, bila ya ada.

Na aliyekufa hali ya kuwa simu yake ya muda haijalipwa yote, kilichobaki ni deni katika dhimma yake, hutolewa katika mali kabla ya warithi kugawana, kama deni la duka. Kinyume chake, fedha zilizomo katika M-Pesa ya maiti ni tarika, ni haki ya warithi wote. Wala si halali kwa mtoto aijuaye namba ya siri kuzitoa usiku wa matanga kwa jina la gharama, bila ya ridhaa ya wenzake. Warithi na waende na hati ya kifo katika ofisi ya mtandao, waoneshwe njia ya kuzipata.