Kusaka vikasha kwenye mawe ya volkano: mwongozo kwa anayetoka Mgololo

Mawe ya Mgololo ni ya kale, magumu, yenye punje zinazometa juani. Hayakutemwa na volkano. Nguzo za Isimila, nje kidogo ya mji wa Iringa, nazo si za volkano: ni mashapo yaliyochongwa na maji. Gangilonga ni jabali la itale, na kimondo cha Mbozi ni chuma kilichoanguka kutoka angani. Nayataja haya mapema kwa sababu kila jiwe la ajabu Nyanda za Juu Kusini husemwa kuwa ni la volkano, na anayekwenda kusaka vikasha kwenye mawe hayo anapaswa kwanza kujua yalipo.

Yapo Rungwe. Toka Mgololo hadi Mafinga, shika barabara kuu ya TANZAM kupitia Makambako, Igawa na Chimala hadi Uyole, kisha kata kushoto kuelekea Tukuyu. Hapo ndipo mikono mitatu ya Bonde la Ufa, yaani wa Rukwa, wa Usangu na wa Nyasa, inapokutana. Ardhi imepasuka pande tatu, na katika mipasuko hiyo zimesimama volkano za Ngozi, Rungwe na Kiejo.

Mchezo wenyewe, jiokachingi, ulianza Mei 2000. Mapema mwezi huo serikali ya Marekani iliacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS yaliyokuwa yakitumiwa na raia, na ghafla vipokezi vya kawaida vikaweza kuonyesha mahali kwa kukosea mita chache tu. Siku moja au mbili baadaye, Dave Ulmer aliacha ndoo yenye vitu vidogo porini katika jimbo la Oregon, akawatangazia wenzake mahali ilipo kwa tarakimu za latitudo na longitudo. Aliyeipata alitakiwa achukue kitu, aache kingine, aandike jina kwenye daftari. Ndivyo unavyochezwa hadi leo: mmoja anaficha kikasha chenye daftari, anatangaza tarakimu, wengine wanakitafuta, wanasaini na kukirudisha palepale.

Mwaka 2004 ikaongezwa aina nyingine, isiyo na kikasha kabisa, iliyobuniwa kwa ushirikiano na Chama cha Jiolojia cha Marekani. Tarakimu zinakuongoza hadi kwenye mwamba au maporomoko, na badala ya kusaini daftari unajibu maswali ambayo hayajibiki mpaka uwe umefika na kutazama kwa macho yako. Kwa Rungwe, naitetea aina hii kwa nguvu zangu zote. Msitu wa Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa misitu, na ndimo kipunji, nyani asiyejulikana na wanasayansi hadi 2003, anamoishi. Ziwa Ngozi, lililo kwenye kreta ya mlima wa jina hilo, limo katika msitu wa hifadhi wa milima ya Uporoto. Kitulo ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005, iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Chombo cha plastiki kilichosokomezwa chini ya jiwe katika sehemu hizi ni taka, na kama kina biskuti ndani basi ni mtego kwa wanyama. Ukitaka kikasha cha kweli, kiweke kwenye ardhi ya mtu aliyekukubalia, nje ya hifadhi.

Kuna sababu nyingine, nayo ni nzito zaidi kwetu kuliko ilivyo Ulaya. Mtu mgeni anayezunguka na simu mkononi, akiinamia mawe na kuchungulia mashimo, kijijini ataeleweka kwa njia tatu: anatafuta madini, anatafuta mali inayosemekana kufichwa na Wajerumani, au anafukia dawa. Hakuna kati ya hizo itakayomletea amani. Kwa hiyo kabla ya kuingia porini, pita ofisi ya kijiji. Onana na mtendaji au mwenyekiti, eleza kwa lugha nyepesi kwamba wewe na wanao mnajifunza mawe kwa kutumia simu, onyesha ramani, uliza kama kuna mahali pa matambiko pasipopaswa kukanyagwa. Kisha chukua kijana wa hapohapo akuongoze, na umlipe mlivyokubaliana. Kuingia hifadhini kunahitaji kibali na ada. Ulizia ofisi ya TFS au lango la TANAPA kabla ya safari, maana viwango hubadilika. Daraja la Mungu, ambalo ni mwamba mto ukipita chini yake, na Kijungu viko Mto Kiwira, jirani na Chuo cha Magereza. Huko usifiche kitu chochote, wala usipige picha za majengo. Vivyo hivyo kwenye madaraja ya TAZARA, na huku nyumbani kwenye uzio wa kiwanda cha karatasi.

Sasa simu. Wengi wanaamini GPS inakula bando. Haili. Kipokezi kinasikiliza setilaiti moja kwa moja. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani. Pakua ramani ya wilaya nzima ukiwa mjini, na ukifika msituni zima data ili chaji idumu. Jifunze pia kusoma tarakimu, kwa sababu hapa ndipo watu hupotea. Ziwa Ngozi liko takriban nyuzi 9 dakika 00.5 kusini, na nyuzi 33 dakika 33.2 mashariki. Mahali hapohapo kwa desimali huandikwa -9.008, 33.553. Ni mitindo miwili ya jambo moja, lakini ukiichanganya utalipia miguu: anayesoma desimali 9.30 kana kwamba ni nyuzi 9 na dakika 30 amekosea kwa zaidi ya kilomita 20. Dakika moja ya latitudo ni karibu kilomita 1.85, kwa hiyo tarakimu ya tatu baada ya nukta ya dakika ni kama mita mbili tu. Zaidi ya hapo simu haina uwezo, usijisumbue.

Walimu wa jiografia, hili ni lenu. Ramani za zamani za serikali za kipimo cha 1:50,000, zile ambazo bado zimo kwenye makabati ya shule, zimechorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Simu hutumia WGS 84. Mahali pamoja kwenye misingi hii miwili hutofautiana kwa mita 300 hivi. Mwanafunzi akitoa tarakimu kwenye ramani ya karatasi na kuziingiza kwenye simu bila kubadili msingi, atafika shamba la jirani na kuapa kwamba mwamba umehama.

Chini ya miti mikubwa na kando ya kuta ndefu za kreta, mawimbi hugonga na kurudi, na kosa la mita tano linaweza kuwa ishirini. Ukifika karibu, tia simu mfukoni. Kuanzia hapo kazi ni ya macho.

Na macho yatazame nini? Kwenye Daraja la Mungu, tazama weusi wa jiwe na vitundu vyake. Hiyo ni basalti, na vitundu ni alama za gesi iliyonaswa wakati lava ikiganda. Swali zuri kwa msakaji: je, vitundu ni vya duara au vimevutika, na vimevutika kuelekea upande gani? Vilivyovutika huonyesha uelekeo wa mtiririko. Ukisimama mahali salama ukatazama jinsi mto unavyopita chini ya mwamba, muulize mwanao ni kipi kilichotangulia, bonde au lava. Mwache abishane nawe kidogo.

Kwenye kingo za barabara zilizokwisha kukatwa kati ya Isongole na Kiwira, tafuta tabaka la vijiwe vyepesi vya rangi ya kijivu au njano, vinavyofanana na mawe ya kusugulia visigino. Mlima Rungwe ulilipuka kwa kishindo kikubwa miaka 4,000 hivi iliyopita na kutawanya mawe kama hayo mbali sana. Pima unene wa tabaka kwa rula, pima kijiwe kikubwa kuliko vyote, andika, kisha nenda kilomita kadhaa upande wa mbali na mlima upime tena tabaka hilohilo. Vijiwe huelekea kupungua ukubwa kadiri unavyoachana na chanzo. Usichimbe ukingo mpya. Mvua za Rungwe, zinazopita milimita 2,000 kwa mwaka, zitaubomoa.

Milipuko ya Kiejo ni ya karibuni: lava yake ya mwisho inakadiriwa kumwagika karibu mwaka 1800. Ngozi ulilipuka mara ya mwisho yapata katikati ya karne ya 15. Hii ni milima iliyolala, haijafa.

Ndiyo maana sehemu hii naomba uisome mara mbili. Eneo lote la Rungwe hutoa hewa ya ukaa kutoka ardhini. Karibu na Kiejo gesi hiyo huvunwa na kutumika kwenye soda. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo hujikusanya kwenye mabonde madogo, mashimo na mapango, hasa asubuhi na mapema au siku isiyo na upepo. Mchezo unaomfundisha mtoto kuinama na kuingiza kichwa chini ya mawe unaweza kumuua mahali kama hapo. Ukiona wadudu, ndege au panya waliokufa kwenye kishimo, ondoka, panda juu. Mwenzako akianguka shimoni usimfuate. Mvute kwa kamba ukiwa juu na uite watu, kwani waokoaji ndio hufa wa pili. Sheria yangu ni fupi: hakuna kituo cha mchezo kinachowekwa shimoni, pangoni wala kwenye kibonde.

Ngozi una hatari yake nyingine. Kuta za kreta ni za mita 200 hivi, na njia ya kupanda ni tope na mizizi. Tosheka na ukingo. Kushuka hadi majini hakuongezi somo lolote ambalo huwezi kulipata juu. Nenda kati ya Juni na Oktoba, vaa buti, beba sweta na koti la mvua, anza asubuhi ili saa nane uwe umeshageuza.

Kabla ya kusafiri, fanyieni mazoezi Mgololo kwenye uwanja wa shule kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Wekeni vituo vinne vya maswali: mti, jiwe, kisima, mlingoti. Jiwe la kwenu lenye punje zinazometa lipigeni picha mkae nayo, ili mkifika Kiwira mlilinganishe na basalti nyeusi.

Ukitunga kituo chako mwenyewe, chukua tarakimu mara kadhaa kwa siku tofauti upate wastani, kisha mpe mtu ambaye hajawahi kufika azifuate kuanzia barabarani bila msaada wako. Akikwama, rekebisha maelezo. Andika tarehe ya kupima, kijiji, na ofisi ambayo mgeni aripoti kwanza. Baada ya masika rudi ukague tena, maana njia huko huhama.