Makadirio na Malalamiko: Mazungumzo ya Fundi Mzee na Fundi Kijana

KIJANA: Mzee, wateja wengi wanataka kupigiwa hesabu bure. Je, ni halali kuwadai chochote?

MZEE: Bei ya kukisia haidaiwi. Mteja akieleza kazi yake kwa simu, fundi humtajia kiwango cha chini na cha juu, basi. Mchanganuo wa maandishi, wenye vipimo na idadi ya vifaa, ni kazi kamili. Fundi wa Mbagala akiitwa kupima kazi Bunju, huvuka jiji zima la Dar es Salaam, na siku inaishia hapo. Huyo huomba nauli na ada ndogo, na hueleza mapema kwamba ada itakatwa kwenye malipo akipewa kazi. Mteja mwenye nia haoni tabu kulipa.

KIJANA: Mchanganuo wenyewe uwe na nini?

MZEE: Vipimo kwanza. Ukuta wa uzio wenye urefu wa mita 20 na kimo cha mita 2 ni mita za mraba 40. Tofali la inchi 6, lenye urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, huingia tisa hadi kumi kwa mita moja ya mraba. Fundi huandika tofali 400. Saruji, mchanga, kokoto, nondo na maji, kila kimoja hukaa kwenye mstari wake, na hela ya ufundi kwenye mstari wake. Kisha huandikwa tarehe, kwa kuwa bei ya saruji hupanda. Nani ananunua vifaa. Malipo ya kila hatua, tangu msingi hadi plasta. Na kazi zisizohusika, kama kuzoa kifusi. Malalamiko mengi huzaliwa siku ya makadirio, pale jambo lilipoachwa bila kusemwa.

KIJANA: Lakini mtaani watu hupatana kwa mdomo.

MZEE: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikatai mapatano ya mdomo. Tabu ni ushahidi. Karatasi ya daftari yenye saini mbili na shahidi mmoja yatosha. Mali bila daftari hupotea bila habari.

KIJANA: Na mteja akipiga simu kwa hasira kwamba plasta inabanduka?

MZEE: Fundi hupokea simu, hutaja siku ya kwenda na huitimiza. Akifika saiti husikiliza mpaka mwisho ndipo akague. Ukuta hugongwa taratibu kwa mpini wa nyundo: ukilia kama kitu kitupu, plasta haikushika. Nyufa nyembamba zilizosambaa kama utando hutokana na mchanga wenye udongo au plasta iliyokosa kumwagiliwa maji. Plasta inayovimba karibu na sakafu na kutoa unga mweupe imeliwa na chumvi na unyevu, hasa pale maji ya kisima cha chumvi yalipotumika kuchanganyia. Ufa mpana unaoshuka mshazari kutoka kona ya dirisha huenda ukaonyesha msingi uliotitia. Kuuziba kwa plasta ni kuuficha tu.

KIJANA: Gharama ya kurekebisha inabebwa na nani?

MZEE: Aliyekosea. Kosa la ufundi hurudiwa kwa gharama ya fundi, bila ubishi. Kosa la vifaa alivyonunua mteja ni la mteja, isipokuwa fundi aliuona mchanga mbaya akanyamaza. Hapo naye ana sehemu yake. Kama hakuna kosa la yeyote, fundi hueleza chanzo na kutoa makadirio mapya. Makubaliano hayo nayo huandikwa.

KIJANA: Wakishindwa kuelewana?

MZEE: Usuluhishi wa kazi ndogo huanzia kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa; ukishindikana, Mahakama ya Mwanzo ipo. Mkandarasi aliyesajiliwa hulalamikiwa pia kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, nayo inaweza kumfutia usajili. Popote shauri litakapofika, swali la kwanza litakuwa moja: mlikubaliana nini? Fundi mwenye mchanganuo uliosainiwa na kumbukumbu ya kila marekebisho huwa na jibu.